Taa ya Moteri Wakati wa Matanga

Udongo wa kaburi la mume wangu ulikuwa haujashikana vizuri, na ndugu zake walikuwa wameshaanza kuniambia kwamba gari nalo limekufa. Walisema kwa sauti ya pole, ile sauti ya chini ya watu wa matanga. Sauti hiyo ilinichoma kuliko maneno yenyewe.

Niseme kwanza gari lenyewe. Ilikuwa jeep ya zamani ambayo mume wangu aliileta Kindu kwa treni kutoka Lubumbashi, imefungwa minyororo juu ya behewa. Alilala chini yake safari nzima ili watu wasimfungulie taa na vioo na kuviiba. Kwa jeep hiyo alichukua mizigo stesheni na kuipeleka kwenye depo za wafanyabiashara, na treni isipokuja alibeba abiria wa Kibombo. Alinifundisha kuiendesha kwenye barabara ya uwanja wa ndege, tumbo la mtoto wetu wa kwanza likigusa usukani. Alipokufa aliniachia watoto wawili, mmoja wa shule na mmoja wa ziwa, na jeep. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Kwa hiyo mtu akisema "tuuze gari", mimi nilisikia "watoto wako walale njaa". Sikuwa na namna nyingine ya kuisikia.

Alikufa kwa homa, haraka, kama mtu aliyeitwa. Jeep ndiyo iliyomtoa hospitali na ndiyo iliyompeleka makaburini. Na katika ukoo wao, gari lililobeba maiti haliingii uani mpaka lioshwe, tena si kupitishiwa kitambaa tu. Shangazi ya mume wangu, mama mkubwa wa ukoo, alikwenda nalo ukingoni mwa mto Lualaba pamoja na wanawake wengine, wakachukua ndoo, sabuni ya unga na majani ya ndimu. Waliosha viti, wakaosha magurudumu mpaka ndani ya chuma. Halafu shangazi akaamuru kapo ifunguliwe, ile bati inayofunika moteri, yaani injini, kwa sababu kifo hakiachwi kikae mahali pa moto. Wakamwaga ndoo juu ya moteri, moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa nimekalishwa chini kwenye mkeka, nimefungwa kitambaa cheusi, mjane hatembei. Nilisikia tu wanarudi wakiimba.

Kesho yake taa ikawaka.

Kila mwenye gari anaijua taa hiyo. Ni ya rangi ya chungwa, mbele ya usukani, ina picha ya moteri. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa akiendesha wakati huo, akileta viti na maji ya wageni. Gari likakata moteri mbele ya soko. Akawasha, likazungusha kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta pumzi, likashika, likakata tena. Walilisukuma mpaka nyumbani kwangu. Jioni, kwa shangazi palipokuwa na matanga, uani pote maneno yakawa hayo hayo.

"Marehemu anakataa," alisema mmoja.

"Anakatala muntu mwingine aikalie kiti yake," alisema mwingine, akanitazama mimi, ambaye kiti hicho nilikikalia kabla ya shemeji.

Shemeji akamleta fundi wake. Fundi akatoa waya wa batri, akakaa, akavuta sigara, akaurudisha. Taa ikazima. "Imepona," akasema. Asubuhi taa ilikuwa imewaka tena na gari halikufika barabarani. Basi akabadilisha wimbo: moteri imeoza ndani, lazima ifunguliwe, na ikifunguliwa tutaona hakuna kitu cha kuokoa. Shemeji akaitikia upesi mno. Kumbe alikuwa na mtu wa Punia, mtu wa machimbo, aliyekuwa akitafuta vipande vya jeep kama hiyo: gia, ekseli, milango, kila kitu.

Ndipo mimi nikainuka kwenye mkeka. Nilijua mjane hapigi kelele mbele ya wazee. Nikapiga.

"Hamufungui kitu. Hakuna muntu anajua ugonjwa yake, na tayari muko munachinja?"

Shemeji akacheka. "Bibi ya kaka, wewe unajua moteri?"

"Najua kusoma. Wewe unajua nini?"

Watu wakaguna, wengine wakacheka chini kwa chini. Akaona haya, na haya ikamfanya aseme neno ambalo naamini alilijutia. Akasema mbele ya wote: "Sawa. Soma. Siku ya kumaliza matanga, kama gari itakuja yenyewe mupaka hapa, bila kusukumwa, ikae kwako, itumikie watoto. Kama haiji, tunafungua, tunauza, na hutasema tena."

Shangazi alikuwa amekaa kando ya shemeji. Akasema, "Tumesikia sote." Basi.

Huenda mtu atauliza kwa nini nilipinga gari kufunguliwa kwa hasira ile yote. Sababu yangu ni ya zamani kidogo.

Wakati wa vita, nikiwa mtoto, baba yangu alikuwa na kamyoneti ya kubebea mihogo. Treni zilikuwa zimekatika, chumvi haionekani, watu wanasukuma baiskeli wiki nzima porini kutafuta chumvi na sabuni. Kila jeshi lililoingia Kindu lilitafuta magari. Baba na wenzake wakaona dawa ni moja: kuyafungua. Gari lisilo na moteri kamili hakuna askari wa kuondoka nalo. Karbureta akampa jirani mmoja, batri akampa mwingine, magurudumu akayatupa ndani ya shimo la choo cha zamani. Kile kichwa cha kugawa moto, ambacho sisi tunakiita delko, kilibaki kwetu. Siku askari walipoingia uani, mama alikitia ndani ya po ya watoto, kile chombo cha kujisaidia, akanikalisha mimi juu, akaninong'oneza, "Jikaze kama unaharisha." Nikajikaza. Askari mmoja akaja karibu kabisa, akatazama kila pembe ya chumba, akanitazama mimi. Nilikuwa nalia kweli, kwa hofu, na chuma kilikuwa baridi. Akafunika pua, akaenda.

Delko likapona. Gari halikupona. Vita vilipokwisha, mwenye karbureta alikuwa amekimbilia Kisangani na hakurudi, mwenye batri alikuwa amefariki, na hakuna aliyejua alikoifukia. Baba alizunguka miaka akiuliza. Ile kamyoneti mama aliitumia kuanikia sombe, yaani majani ya mihogo, na baadaye kuku wakaihama hata wao. Mimi sikuhitaji fundi anieleze nini kinalipata gari linapogawanywa vipande mikononi mwa watu.

Basi nilimtafuta rafiki wa mume wangu, dereva wa gari la hospitali moja. Alikuwa na kidude kidogo cha plastiki, kama kiberiti, unakichomeka chini ya usukani, nacho kinazungumza na telefoni. Alikuja mchana, watu wakiwa wamelala. Akakichomeka, akafungua ufunguo bila kuwasha. Telefoni ikafikiri, ikatoa herufi moja na tarakimu nne: P0340.

"Njo nini hii?" nikauliza.

"Soma wewe. Wewe njo ulisema unajua kusoma, mji wote inajua."

Chini yake kulikuwa na Kifaransa. Kilisema: circuit ya kapteri ya mti wa kamu. Akanieleza. Ndani ya moteri kuna mti wa chuma unaozunguka na kufungua milango ya hewa na mafuta. Pembeni yake kuna kapteri, jicho dogo linaloangalia mti huo umefika wapi. Jicho lisipoona, kompyuta ya gari haijui wakati wa kutia mafuta. Gari linazungusha tu, linatafuta.

"Kwa hiyo moteri haijaoza?"

"Hakuna mahali hapa panasema moteri imeoza. Panasema jicho."

Wiki nzima watu wazima walikuwa wanamsingizia maiti.

Kapteri mpya haikupatikana Kindu. Dereva alisikia kuna jeep ya namna ileile iliyopinduka, imelala uani kwa mtu ng'ambo, Alunguli. Nikavuka mto kwa mtumbwi, mtoto mgongoni, kitambaa cheusi kichwani, wanawake wa gatini wakinong'ona kwamba mjane gani huyu anayezurura. Nikarudi na kapteri imefungwa ndani ya leso. Dereva akaifunga. Akafuta namba kwa telefoni, nikawasha, gari likashika mara moja. Nilipiga kelele kama mtu aliyejifungua. Tukazunguka nyumba mara mbili, na kwenye shimo la tatu la barabara taa ikarudi, rangi ya chungwa ileile, na moteri ikakata.

P0340. Namba ileile, herufi ileile.

Dereva akashuka, akakaa kwenye jiwe. "Mama, mimi kesho niko naenda safari. Kidude na telefoni yake nakuachia mupaka nirudi. Lakini pengine kweli kompyuta imekufa. Na kompyuta..." Hakumaliza. Kompyuta hatungeipata hata tungeiuza nyumba tusiyo nayo.

Siku ya kumaliza matanga ilikuwa imekaribia. Wanawake walikuwa wameanza kuloweka mihogo ya pombe. Mtu wa Punia alikuwa ameshafika mjini. Na asubuhi moja, kabla sijanawa uso, nikasikia vyuma vinagongana uani kwangu. Nikatoka. Fundi wa shemeji alikuwa ametandaza gunia kando ya jeep, amepanga funguo zake, na shemeji amesimama nyuma yake.

"Siku haijafika," nikasema.

"Tunatayarisha tu," shemeji akasema. "Kulegeza bulo mbili tatu za moteri, isitupotezee muda."

"Siku haijafika!"

"Usiniinulie sauti, bibi ya kaka. Niko naheshimu wewe."

Fundi akaweka mkono juu ya kapo. Sikufikiri. Nilimchukua mtoto wangu mchanga, nikapanda bampa ya mbele, nikakaa juu ya kapo katikati kabisa, nikatoa ziwa, nikanyonyesha. Jua lilikuwa limeshapata ile bati, iliniunguza mapaja. Fundi aliondoa mkono kama aliyegusa makaa.

"Telemuka, mama," akasema, anaangalia pembeni.

"Akishiba."

"Atashiba saa ngapi?"

"Muulize yeye."

Mwanamke aliyekuwa akitwanga uani kwa jirani akaacha mchi akacheka, akawaita wenzake. Wakaja kusimama uani wakiangalia wanaume wawili na funguo zao mbele ya mwanamke anayenyonyesha. Shemeji alitukana, si mimi, alitukana hewa. Fundi akakunja gunia. Walipoondoka mtoto alikuwa amelala zamani, na mimi nilibaki pale juu.

Nikashuka, nikamlaza mtoto, nikafungua kapo mwenyewe. Nilikuwa na hasira ya kutaka kupiga kitu, na shemeji na fundi wake walikuwa wameshakwenda. Nikawasha moteri kwanza. Asubuhi, ikiwa baridi, ilikuwa ikishika wakati mwingine, nayo ikashika, inakohoa. Nikaja mbele nikaitazama. Nikaiambia maneno ambayo sitayaandika. Halafu nikapiga kwa kiganja lile fungu la nyaya linalopita juu.

Moteri ikakata.

Nikasimama. Nikarudi kuwasha. Ikashika. Nikapiga tena, pole zaidi, upande wa kushoto: hakuna kitu. Katikati: hakuna kitu. Nikashika waya ule unaoteremka kwenye kapteri tuliyobadilisha, nikautikisa kwa vidole viwili tu. Ikakata.

Nikachukua telefoni, nikasoma upya maneno yale ya Kifaransa, na safari hii nikasoma lile neno la kwanza ambalo mimi na dereva tulilipita mbio. Circuit. Njia yote, kutoka jicho mpaka kompyuta: waya, kichwa cha waya, vyuma vyake. Tulisoma jina la kipande tukakimbilia kukibadilisha, kwa sababu ndivyo tulivyozoea Kindu: kitu kikisumbua, tafuta kingine. Namba ilikuwa imeonyesha barabara. Sisi tulimkamata mtu wa kwanza tuliyemkuta barabarani.

Nikazima. Nikachomoa kile kichwa cha plastiki mwisho wa waya. Kilikuwa kigumu, kikatoka na unga. Ndani yake kuna vyuma vitatu vyembamba kama sindano. Kimoja kilikuwa cheupe na safi. Viwili vilikuwa vimeota kutu ya kijani, kama sufuria ya shaba iliyosahaulika, na pembeni yake ukoko mweupe umekauka. Nikaugusa kwa kidole, nikanusa. Sabuni ya unga.

Nikakaa chini kwenye vumbi. Marehemu hakukataa kitu. Ilikuwa ndoo ya shangazi. Maji yalikuwa yameingia ndani ya kile kichwa siku ile ukingoni, yakakaa na sabuni yake na umeme unapita, yakala chuma polepole wakati sisi tunalia.

Niliosha vile vyuma kwa alkoli ya famasia na mswaki wa zamani, nikakwaruza kwa ncha ya pini mpaka vikang'aa. Kimoja kilikuwa kimelala, nikakiinua kwa upole kuliko ninavyomkata mtoto kucha. Nikaanika kichwa kile juani, nikapaka vaselini kidogo pembeni maji yasiingie tena, nikakirudisha mpaka kikalia tak. Nikafuta namba. Nikawasha, nikatikisa waya, nikautikisa tena kwa nguvu. Moteri haikusikia hata kidogo. Nikaendesha mpaka stesheni, nikapita kila shimo kwa makusudi. Taa ilibaki nyeusi.

Sikumwambia mtu. Usiku huo sikulala kwa sababu nyingine: siku ya matanga wataniuliza gari lilikuwa na ugonjwa gani. Nikisema maji, ni kusema mbele ya ukoo mzima kwamba shangazi, alipokuwa akimuosha mwana wa ndugu yake kifo, aliua gari lake. Nikinyamaza, watasema marehemu amekubali, na mwaka kesho akikasirika tena watalichukua. Ningeweka riziki ya watoto wangu juu ya hasira za maiti?

Siku ilipofika niliingia uani kwa shangazi nikiwa nyuma ya usukani, mtoto mkubwa pembeni yangu, mdogo mgongoni. Ngoma zikanyamaza. Mtu wa Punia alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na kikombe cha chai. Shemeji alisimama.

"Nani amekusukuma?"

"Fungua macho. Nani yuko nyuma yangu?"

Akazunguka gari, akatafuta. Hakuona mtu. Akarudi na tabasamu jipya. "Vizuri. Kaka amesamehe. Sasa kama inatembea, njo gari ya ukoo, si ya kuuza vipande tena. Lete ufunguo."

Hapo niliona mtego wake. Likifa wanauza, likipona wanachukua.

"Kaka yako hakuwa na kitu cha kusamehe," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Gari haikukataa muntu. Iliingia maji siku ya kuoshwa. Maji na sabuni, ndani ya waya. Nimetoa mimi mwenyewe."

Nilisikia mafuta yanachemka kwenye sufuria jikoni. Kila mtu alikuwa anamtazama shangazi. Yeye akainuka polepole, akashika kiuno.

"Wewe mutoto, unasema tulimuosha vibaya mwana wetu?"

"Ninasema maji iliingia mahali haitakiwi, shangazi. Yeye mulimuosha vizuri. Moteri njo mulimwagia mingi."

Akanijia. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa nimeamua kutokinga. Akasimama mbele ya jeep. "Fungua. Nionyeshe."

Nikafungua kapo. Nikachomoa kile kichwa cha waya, nikakiweka kiganjani mwake. Akakisogeza mbali na macho, akakileta karibu.

"Hii?"

"Hiyo."

"Kitu kama kidole ya mutoto?" Akageuka akawatazama wanawake waliokuwa naye mtoni. "Mimi njo nilimwaga. Mulikuwa munaogopa kapo, mimi njo nilisema mwageni." Kisha akamgeukia shemeji. "Na wewe. Siku ile ulisema nini hapa?"

"Shangazi, nilisema kwa hasira..."

"Ulisema nini?"

Akatazama kikombe cha mtu wa Punia.

"Basi mimi nitasema, kinywa yako imechoka. Ulisema ikija yenyewe, ikae kwake, itumikie watoto. Imekuja. Mwenye chai amalize chai, arudi Punia." Akanirudishia kile kichwa. Alikibana kiganjani mwangu kwa nguvu, na sikujua kama ni heshima au ni hasira kwangu. Bado sijui. Mpaka leo hunisalimia kwa kifupi.

Nikakirudisha mahali pake, nikafunga kapo. Shangazi akafungua mlango wa mbele, akamwambia mwanangu asogee, akakaa, akaweka mkoba wake mapajani.

"Tunaenda makaburini," akasema. "Wewe njo unaendesha."

Nikawasha. Ikashika kwa mara moja. Shemeji alikuwa bado amesimama mbele ya gari, mikono kiunoni, ananitazama kupitia kioo. Nikatia gia ya kwanza, nikangoja. Hakusogea. Nikapiga honi, ndefu, mpaka mtoto mgongoni akashtuka akaanza kulia.

Akasogea.